Kikao saa tatu asubuhi, usiku mmoja hotelini: mji nitauona saa ngapi?

SWALI: Habari za kazi. Ofisini wamenipangia safari ya kikazi ya usiku mmoja, nchi nyingine, mji ambao sijawahi kufika. Natua mchana, nalala hotelini, kikao ni kesho yake saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, na ndege ya kurudi ni saa mbili usiku. Natamani kuuona mji japo kidogo, lakini naogopa nisije nikaingia kikaoni nimechoka. Mwenzangu ananishauri nichukue hoteli iliyo katikati ya vivutio hata kama ni mbali na kikao. Halafu mimi nikilala sehemu ngeni usingizi hauji. Nipangeje? Na bosi nimwambie kwamba nitatembea, au ninyamaze?

JIBU: Dada yangu, ahsante kwa kunitajia saa zote, maana jibu lote limo humo. Kazi yangu ni kupangia wafanyakazi safari, na kwa safari ya namna yako ushauri wangu ni huu: chukua hoteli iliyo karibu na kikao, na matembezi yako makubwa yafanye jioni ya siku unayofika, si mchana baada ya kikao. Watu wengi hupanga kinyume chake. Hukaa chumbani jioni ya kwanza wakijiambia kesho kikiisha kikao watazunguka mji mzima, na kesho yake wanaondoka hawajaona kitu.

Tupige hesabu ya huo mchana wako. Kwenye karatasi, toka saa saba mchana mpaka saa mbili usiku ni saa saba. Lakini ndege ni ya kwenda nchi nyingine, kwa hiyo uwanjani uwe umefika saa kumi na moja jioni. Njiani weka saa moja na nusu, kwa kuwa muda huo ndio watu wanaanza kutoka kazini na wewe huijui foleni ya mji ule. Ina maana saa tisa na nusu uko ndani ya gari na begi lako. Sasa rudi upande wa kikao: kikipangwa kuisha saa saba, maneno ya mlangoni na kubadilishana namba yatakufikisha saa saba na nusu, na wenyeji wako wakikukaribisha chakula huwezi kukataa bila kuonekana huna adabu. Ukiinuka mezani saa nane na ukatenga robo saa ya kupita hotelini kuchukua begi, umebaki na saa moja na robo. Hiyo ndiyo siku yako ya pili. Jioni ya kwanza, ukipata chumba saa tisa alasiri, unaweza kuwa na saa tatu mfululizo ambazo hakuna anayekungoja.

Ndiyo maana sikubaliani na mwenzako kuhusu hoteli. Ushauri wake ni mzuri kwa mtu wa likizo, ambaye akikwama barabarani atafika baadaye na hakuna kilichoharibika. Wewe una asubuhi moja tu. Tafuta hoteli ambayo kutoka hapo hadi kwenye kikao ni mwendo wa miguu wa dakika kumi na tano, ishirini zikizidi sana. Kivutio kinaweza kuwa mbali, utakifuata kwa gari jioni huna haraka. Kikao kisiwe mbali. Na unapotazama ramani kwenye simu, usipime kwa jicho. Hoteli inaweza kuonekana ubavuni mwa jengo la kikao, kumbe katikati kuna reli au barabara kuu isiyo na kivuko, na mtu wa miguu anazunguka nusu saa. Iambie ramani ikuonyeshe njia ya miguu, ndipo uamue.

Kwenye kuweka nafasi kuna jambo moja ambalo wasafiri wa mara ya kwanza hawaambiwi: mgeni wa usiku mmoja ndiye mnyonge wa hotelini. Hoteli nyingi hupokea nafasi kuzidi vyumba zilivyonavyo, kwa sababu zinajua kila siku kuna wageni wataahirisha na wengine hawatatokea. Siku wote wakitokea, lazima mmoja apelekwe hoteli nyingine, na mara nyingi huwa ni yule wa usiku mmoja aliyechelewa kufika. Atalipiwa huko, sawa, lakini ule ukaribu na kikao ndio umekwenda. Kwa hiyo nafasi yako iwe imelipiwa au imewekewa dhamana ya kadi, maana desturi ya siku nyingi ya mahoteli ni kwamba chumba kisicho na dhamana kinaweza kuachiwa mtu mwingine ikifika saa kumi na mbili jioni. Na asubuhi ya safari, au jana yake, piga simu mapokezi wewe mwenyewe. Usiridhike na ujumbe wa tovuti uliyotumia. Taja jina, tarehe na saa utakayoingia, umsikie mtu akisema ameiona nafasi yako.

Tarehe nazo zikague kwa makini, hasa saa za usiku wa manane. Tiketi huandikwa kwa saa ishirini na nne na siku mpya huanza saa sita usiku. Ndege iliyoandikwa 00:30 tarehe 13 inaondoka usiku ambao wewe na mimi tunauita usiku wa tarehe 12. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 13 amechelewa karibu siku nzima. Hotelini ni hivyo hivyo kwa upande mwingine: ukitua saa nane usiku wa kuamkia tarehe 13 na unataka kulala palepale, chumba kinatakiwa kiwekwe kuanzia tarehe 12, na hoteli iambiwe utaingia usiku mkubwa. Ratiba yako ya sasa haina tatizo hilo, lakini ndege zikibadilishwa utanikumbuka.

Muulize pia mhasibu wa ofisini kwenu: kampuni imelipia chumba peke yake, au na mengineyo? Ukifika, hoteli nyingi huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi kama dhamana ya simu, vinywaji na uharibifu. Kwenye kadi ya mkopo hilo halikuumizi sana. Kwenye kadi inayochota moja kwa moja kutoka akaunti yako, ni pesa yako halisi inayofungwa, na kuachiwa kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kuondoka. Viza itazame mapema vilevile. Zipo nchi ambazo viza ya utalii haikuruhusu kuhudhuria kikao cha biashara. Mwenye viza ya biashara akapita makumbusho, hilo kwa kawaida halina shida.

Begi liwe moja, la kupanda nalo ndani ya ndege. Mzigo uliochelewa kwa siku moja, kwa mtu wa likizo ni usumbufu. Kwako ni kikao chote umekaa na nguo za safari. Benki ya umeme ya kuchajia simu ipande nawe, haitakiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Kikomo cha kawaida cha uwezo wake ni wati-saa 100, ambazo kwa benki nyingi ni kama mAh 27,000. Viatu chukua jozi mbili, vya kikao na vya kutembelea, na visiwe vipya vyote viwili.

Mapokezi, mtu akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya watu, mwombe kwa upole akubadilishie, aandike ile mpya. Hoteli zenye utaratibu huandika namba kwenye bahasha ya kadi ya kufungulia mlango na hawaitamki. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake hili silichukulii kama jambo dogo. Hapo hapo omba chumba kilicho mbali na lifti, kisichotazama barabara na kisichokuwa juu ya ukumbi wa muziki. Kama ghorofa ni nyingi, mimi huwaombea wafanyakazi wangu kati ya ya pili na ya sita: juu ya kelele za chini na wapita njia, lakini ndani ya kimo ambacho ngazi za magari ya zimamoto hufikia. Ngazi nyingi ndefu za magari hayo hufika kama mita 30. Ukitoka kwenye lifti, kabla ya kufungua mlango wako, tafuta ngazi za dharura na uhesabu milango kati yake na chumba chako. Moshi ukijaa kwenye korido macho hayatakusaidia, hesabu itakusaidia.

Ndani ya chumba, begi usilitupe kitandani. Liweke bafuni kwanza. Inua kona ya shuka upande wa kichwani, utazame mishono ya godoro na nyuma ya ubao wa kitanda: kunguni mkubwa ana urefu wa kama milimita tano, na hata usipomwona mwenyewe utaona vidoadoa vyeusi anavyoviacha. Ukiviona, omba chumba kingine, na kisiwe kinachopakana na hicho. Halafu jaribu komeo na mnyororo wa mlango. Ukikuta kijitundu karibu na mlango kinachotaka kadi ndipo umeme uwake, jua kwamba ukiichomoa kadi ukatoka, soketi nyingi zitazimika na simu uliyoiacha ikichaji utaikuta vilevile. Soketi ya friji mara nyingi hubaki inafanya kazi. Kadi yenyewe ikiwa ni ya mstari wa sumaku, isikae na kifuniko cha simu au pochi yenye sumaku, inafutika upesi. Mwisho tazama saa ya kando ya kitanda: mgeni aliyekutangulia huenda aliiacha ikiwa imetegwa saa kumi usiku.

Hayo yote hayamalizi dakika kumi. Yakiisha, toka nje.

Tembea kwa miguu kuelekea kwenye jengo la kikao, ufike mpaka mlangoni. Haya ndiyo matembezi ninayoyasisitiza kuliko yote, kwa sababu yanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Tazama saa unapoondoka na unapofika. Angalia mlango wa wageni uko upande gani. Anwani inaweza kuwa ya barabara moja na mlango ukawa wa barabara ya nyuma. Msalimie mlinzi, mwambie una kikao hapo kesho asubuhi, muulize wageni hupitia wapi, kama wanataka kitambulisho au pasi ya kusafiria, kama kuna mashine ya kukagua mabegi, na kama asubuhi huwa kuna foleni kwenye lifti. Walinzi wanayajua majengo yao kuliko mtu yeyote aliyekuandikia mwaliko, na ukiuliza kwa heshima watakueleza. Tazama pia jirani pana mahali gani pa kukaa ukifika mapema. Kesho utapita njia unayoijua, ukiwaza hoja zako badala ya kuwaza ramani.

Kutoka hapo mlangoni muda ni wako. Usirudi kwa njia uliyojia.

Ukiniuliza nini cha kuona katika mji usioujua kwa saa mbili, nitakuambia utafute sababu ya mji kuwa pale ulipo. Miji mikongwe haikuota tu. Kuna kivuko cha mto, bandari iliyokingwa na upepo, kilima cha ngome, au njia mbili za biashara zilizokutana. London ilianzia mahali ambapo Warumi waliweza kujenga daraja juu ya mto Thames. Istanbul imekaa kwenye mlango wa bahari wa Bosporus, ambako kila meli inayokwenda kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Mediterania lazima ipite. Usiku mmoja kabla ya safari soma kidogo ujue mji unaokwenda ulianzia wapi, kisha jioni yako uifikishe hapo, hata ikibidi kuchukua teksi ya kwenda. Ukisimama kwenye sehemu ile ukaona maji yanapita wapi na barabara kongwe zinaelekea wapi, hata majina ya mitaa yataanza kukuingia. Kesho yake kikaoni mwenyeji akitaja upande fulani wa mji, utakuwa na picha yake kichwani. Wenyeji hulitambua hilo haraka, na humheshimu mgeni aliyejitaabisha kuwajua.

Mwendo wa kawaida wa mtu mzima ni kilomita nne mpaka tano kwa saa, lakini anayetazama huku na huku akipiga picha hafiki tatu. Kwa saa mbili, basi, usijipangie zaidi ya kilomita sita, na ikifika nusu ya muda wako geuza, hata kama mbele kunavutia. Fahamu pia jua linazama saa ngapi huko uendako siku hiyo. Karibu na ikweta halibadiliki sana mwaka mzima, lakini ukienda mbali kaskazini au kusini tofauti ni kubwa: London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Anayekwenda huko Desemba akitegemea kuuona mji saa kumi na moja jioni atauona kwa taa. Giza likikukuta, rudi kwa gari la hoteli au teksi iliyoitwa na watu wa mapokezi. Pasi iache kwenye kabati la chuma la chumbani ikiwa sheria ya nchi inaruhusu kutembea na nakala tu. Kompyuta ya kazi nayo isizunguke nawe mitaani. Ila usilitegemee kabati hilo kwa kitu ambacho hutakiwi kabisa kukipoteza, kwa kuwa uongozi wa hoteli huwa na namna yake ya kulifungua.

Sasa usingizi. Kutolala vizuri sehemu ngeni si udhaifu wako, dada. Watafiti wa usingizi wanaijua hali hii tangu miaka ya 1960, na maabara nyingi hazitumii kabisa vipimo vya usiku wa kwanza kwa sababu mtu hajalala kama anavyolala siku zote. Mwaka 2016 Masako Tamaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kinachotokea: kwa watu waliolala maabara kwa mara ya kwanza, sehemu fulani ya upande wa kushoto wa ubongo haikuzama kwenye usingizi mzito kama upande wa kulia, na ilikuwa nyepesi zaidi kushtushwa na sauti ngeni. Walipolala hapo kwa mara ya pili siku nyingine, tofauti ile haikuonekana tena. Pomboo na baadhi ya ndege wa porini nao huweza kulala hivyo, nusu ya ubongo ikipumzika na nusu ikikesha. Yaani sehemu yako moja inakaa lindo kwa kuwa bado haijathibitisha kwamba mahali ni salama.

Ukilielewa hilo unajua la kufanya: lipunguzie lindo kazi. Linasikiliza sauti, kwa hiyo vizibo vya masikio ni kitu cha kwanza kuingia kwenye begi. Ukiogopa kutosikia kengele ya kuamka, ilaze simu chini ya mto ikitetemeka, na mapokezi waombe wakupigie. Kiyoyozi au feni yenye mvumo mmoja usiobadilika inafaa pia, maana inafunika milango inayogongwa na vicheko vya kwenye korido. Kinachoamsha ni sauti ya ghafla. Ugeni wenyewe upunguze kwa kubeba foronya ya mto wako wa nyumbani. Ni nyepesi, haichukui nafasi, na harufu yake unaijua.

Mwanga upunguze bila huruma. Mapazia ya hoteli karibu yote huacha ufa katikati, na ufa huo ndio unaoleta taa ya barabarani usoni mwako saa tisa usiku. Fungua kabati la nguo, chukua hanga la suruali lenye vibanio viwili, bana mapazia pamoja pale yanapokutana. Taa nyekundu ya televisheni itupie taulo. Chumba kiwe na ubaridi kidogo, kwa sababu joto la ndani la mwili hushuka kwa karibu nyuzi moja tunapolala na chumba chenye joto hulizuia lisishuke.

Kahawa iishe mchana. Nusu ya kafeini huhitaji kama saa tano kutoka mwilini, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado iko kazini. Pombe huleta usingizi wa haraka kisha ikauvunja kipande cha pili cha usiku, saa zilezile ulizokuwa unazihitaji. Chakula cha jioni kula mapema, na kiwe kitu ambacho tumbo lako linakijua. Vyakula vigeni vingoje kesho mchana, kikao kikiwa kimekwisha.

Kama mji huo uko kwenye ukanda mwingine wa saa, usihangaike kuuzoeza mwili. Mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, na wewe utakuwa umeshaondoka. Tofauti ikiwa saa moja au mbili, lala na uamke kwa kufuata saa ya nyumbani kadiri kikao kinavyoruhusu.

Na usingizi usipokuja licha ya yote, geuza saa isitazame upande wako na uache kuhesabu zimebaki saa ngapi. Ukiona zimepita dakika ishirini hivi unageukageuka, inuka ukae kwenye kiti na taa hafifu, soma kitu kisichohusu kazi, urudi kitandani kope zikiwa nzito. Usiku mmoja wa usingizi mwepesi hauharibu kikao cha saa nne kwa mtu aliyejiandaa. Kukesha ukiogopa kutolala ndiko kunakochosha.

Asubuhi ina mtego mmoja kwenye ratiba yako. Hoteli nyingi hutaka chumba kiachwe kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na kikao chako kinaisha saa saba. Kwa hiyo chumba unakiachia kabla ya kwenda kikaoni, na begi lifungwe usiku. Bili imalize jioni ile ile au saa moja asubuhi, kabla foleni ya mapokezi haijajaa, na uisome mstari kwa mstari ukiwa bado umesimama pale. Hakikisha risiti ina jina la kampuni kama mhasibu wenu anavyotaka, maana kurekebisha risiti ukiwa umesharudi nyumbani ni wiki mbili za barua pepe. Begi waachie, wakupe kitambulisho chake, lakini pasi, dawa na kompyuta ubaki navyo. Kama ungependa kuoga na kubadili nguo mchana, omba jioni ya kwanza kuongezewa muda. Ukiomba asubuhi hoteli imejaa, jibu unalijua.

Baada ya kikao una ile saa moja na robo, na ichukulie kuwa hivyo tu, si zaidi. Chagua kitu kimoja, kiwe njiani kati ya kikao na hoteli. Ikiwa ni makumbusho, chagua ukumbi mmoja kabla hujaingia. Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston aliandika kuhusu uchovu wa makumbusho tangu mwaka 1916, akionyesha kwa picha namna mtazamaji anavyojipinda na kuinama ili kuona vitu vilivyopangwa vibaya, na hata leo mtu akizunguka kumbi zote mwishoni hupita mbele ya vitu vizuri bila kuviona. Vitu vitano ulivyosimama mbele yake kwa utulivu ndivyo utakavyovikumbuka. Kagua siku ya mapumziko: makumbusho mengi hufungwa siku moja ya wiki, na si siku ile ile kila mahali. Pale Paris, Louvre hufungwa Jumanne na Orsay hufungwa Jumatatu. Mengi huacha kupokea watu nusu saa au saa nzima kabla ya kufunga, na makubwa hayaruhusu mabegi makubwa ndani. Tiketi kama unainunua mtandaoni, iwe ya aina inayorudishika, kwa kuwa kikao kikiongezeka dakika arobaini unakiacha kivutio bila kujadiliana na nafsi yako.

Lakini kuna njia ninayoipenda kuliko makumbusho. Mezani wakati wa chakula, mwambie mwenyeji: nina saa moja, kitu gani kimoja hapa karibu ungetaka nikione? Watu hufurahia swali hilo, na mara nyingi atakutajia bustani, jengo la zamani au sehemu ya juu ya kutazamia mji ambayo hakuna orodha ya watalii ingekupa. Akijitolea kukupeleka, mwambie wazi kwamba saa tisa na robo lazima uwe hotelini.

Kuhusu bosi, mwambie. Hakuna ubaya unaouficha, na zipo sababu za msingi. Bima nyingi za safari za kikazi zina masharti kuhusu muda usio wa kazi, na ukiumia mahali ambapo ofisi haikujua kama upo, maelezo yanakuwa marefu. Mwulize anayeshughulikia bima inakulinda mpaka wapi. Gharama nazo zitenge tangu mwanzo: teksi ya kwenda kikaoni ni ya kampuni, ya kwenda kwenye kivutio ni yako, na tiketi ya makumbusho isiingie kabisa kwenye marejesho ya masurufu. Weka risiti za kazi kwenye bahasha moja na zako pochini, zisichanganyike hata kwa saa moja. Ujumbe kwa bosi usiwe ombi refu. Mistari hii inatosha, itume jana yake: “Kikao kinaisha saa saba, ndege ni saa mbili usiku. Katikati nitapita makumbusho yaliyo jirani na hoteli kwa gharama zangu, saa tisa na nusu naelekea uwanjani. Simu iko wazi, na muhtasari wa kikao utaupata kabla sijapanda ndege.”